Singida, tawi la mti linavyoaminika kuliko kibao

Lori likiharibika kwenye Mlima Sekenke, tandiboi haanzi kutafuta jeki. Anaanza kukata matawi. La kwanza analilaza nyuma ya tela, anarudi nyuma hatua kadhaa analaza la pili, anaendelea hivyo mpaka apite kona, ili dereva anayekuja ayaone majani kabla hajaiona bodi. Pembetatu zenye kuakisi mwanga, zile ambazo sheria inataka gari liwe nazo, mara nyingi zimo chini ya kiti zikisubiri siku ya ukaguzi. Ukiuliza kwa nini hazitolewi utaambiwa kwamba pembetatu ikiachwa barabarani usiku haifiki asubuhi. Tawi halina mnunuzi.

Na tawi linasomeka. Barabara kuu inayopita hapa, ambayo TANROADS, wakala wa barabara nchini, huiita T3, inatoka Morogoro, inapita Dodoma, Manyoni, Singida na Nzega, inakwenda kukomea Rusumo, mpakani na Rwanda. Juu yake yanapita mafuta ya Kigali na makontena ya Bujumbura na Bukavu. Wapo madereva ambao wakivuka Rusumo hubadili upande, kwa kuwa Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia na sisi kushoto. Wengine Kiswahili wamejifunzia njiani na Kiingereza hawakijui kabisa. Hakuna hata mmoja wao anayehitaji kuelezwa maana ya tawi bichi juu ya lami.

Desturi hii ina umri mkubwa kuliko lami yenyewe. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita upande wa kusini wa mkoa huu na kuvuka pori la Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambalo wapagazi waliliogopa kwa ukame wake. Kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara, alipofika penye njia mbili aliifunga ile isiyo yao. Alichora mstari mchangani au aliweka tawi, na wapagazi waliochelewa nyuma na mizigo yao wakajua pa kupita. Kazi ya kirangozi ilikuwa kuona kwanza. Tawi lake liliaminika kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kukanyaga mahali pale.

Hapo ndipo lilipo tatizo la vibao vyetu. Alama ya barabarani haipati nguvu kwa kusimikwa na serikali. Inaipata pale msafiri anapoamini kwamba aliyeiweka ameiona hatari kwa macho yake, na kwamba hatari hiyo bado ipo. Tandiboi wa Sekenke bado anaaminiwa hivyo. Vibao vingi kati ya Manyoni na Shelui vimekwisha kuipoteza imani hiyo, na havikuipoteza kwa siku moja.

Oktoba 1909 wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikutana Paris kuweka mkataba wa magari, kitu kipya wakati huo. Walikubaliana alama nne tu za tahadhari, ya tuta au bonde, ya kona, ya njia panda, na ya mahali reli inapokatiza barabara. Miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wakiisukuma Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam kwenda bara; ilianza kujengwa 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikipitia Manyoni. Tangu hapo alama zimezaana. Dunia ikapata Mkataba wa Vienna wa 1968, na nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, zikawa na mwongozo wao wa pamoja. Lakini anayetaka kuelewa hatari za barabara za Singida, zile nne za Paris zinamtosha kabisa kuanzia.

Nianze na reli. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Novemba 2023, basi la abiria liligongana na treni mahali reli inapokatiza barabara, Manyoni. Watu 13 walikufa. Ilikuwa haijatimia hata miezi miwili kamili tangu LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ianze tena kuyapa mabasi leseni za kusafiri usiku, Oktoba mosi mwaka huohuo, baada ya marufuku iliyodumu tangu miaka ya 1990. Sisemi kwamba ruhusa ile ndiyo iliyoua. Nasema kwamba tulifungua milango ya usiku huku tukiwa na vibao vilivyozoea kazi ya mchana.

Mchana dereva anaiona stesheni, anaviona vyuma vya reli, anawaona watu wamesimama. Usiku anaona kile tu ambacho taa zake zinamrudishia. Kibao kizuri cha usiku hakina taa wala umeme. Uso wake umefunikwa karatasi yenye punje ndogo za kioo zinazoupokea mwanga na kuurudisha ulikotoka, yaani kwenye taa za gari na machoni mwa dereva. Kikiwa kipya, kinawaka ukiwa bado mbali nacho. Lakini jua la Singida halina huruma, na upepo wa huku hubeba vumbi karibu mwaka mzima. Rangi nyekundu ndiyo hufifia mapema. Pembetatu ya tahadhari ikishapoteza ukingo wake mwekundu inabaki bati jeupe kwenye nguzo, na bati jeupe halimtishi mtu.

Alama ya reli ni X. Kuna X nyingine ambayo kila mkazi wa kando ya barabara kuu anaijua vizuri zaidi, ile inayopakwa ukutani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara. X nyekundu maana yake umeivamia barabara, jiandae kubomoa. Ya kijani maana yake barabara ndiyo iliyokufuata, subiri fidia. Sijapata kusikia mtu aliyeshindwa kuisoma X hiyo, awe amekwenda shule au hakwenda, kwa sababu nyuma yake lipo tingatinga na kila mtu amewahi kuliona likifanya kazi. X ya reli nyuma yake ipo treni, nzito kuliko tingatinga lolote, ila treni hupita mara chache. Tawi la reli la Manyoni hadi Singida, lililojengwa miaka ya 1930, likang'olewa miaka ya 1940 na kurudishwa baadaye sana, lina historia ya kukaa kimya kwa vipindi virefu. Dereva anayepita kila wiki bila kuona hata behewa moja anajifunza somo baya: kwamba X hii haina kitu. Kila safari ya salama inalikazia somo hilo, mpaka ifike ile moja.

Reli mpya ya SGR imeukata mzizi wa tatizo hili kwa kukataa kutegemea kibao. Kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora, ndani ya Wilaya ya Manyoni, magari hupita juu ya reli au chini yake. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, na bei yake ni ya mabilioni. Kwa reli ya zamani bado tutaishi na vibao, rasta za kumwamsha dereva, na pengine mtu mwenye bendera na taa. Mtu huyo ni gharama ndogo mno kwa wilaya iliyokwisha kuzika kama ilivyozika Manyoni.

Si kila msiba ni wa kibao, tusidanganyane. Tarehe 4 Julai 2016, Maweni, wilayani humohumo, mabasi mawili ya kampuni moja yaligongana uso kwa uso, na watu karibu 30 wakapoteza maisha. Mjadala uliofuata ulihusu madereva na mwendo wao, na ulistahili kuwa hivyo. Alama humsaidia anayetaka kusaidiwa.

Sasa kona. Uwanda wa juu wa Iramba unapokatika na kushukia mbuga za Wembere, barabara hujikunja na kuinama kwa pamoja, na hapo ndipo Sekenke. Shelui iko chini inasubiri. Kwa lori lenye mzigo, mteremko huu ni mtihani wa breki na wa akili. Anayeshuka kwa gia kubwa atagundua katikati kwamba pedali haina kitu. Hapa pembetatu ya kona na ile ya mteremko mkali zinahitaji kusimama juu kabisa, kabla ya mlima, wakati dereva bado ana nafasi ya kuteremsha gia. Kibao kilicho katikati ya mteremko kinamwambia jambo ambalo breki zimekwisha kumwambia.

Na hapa ndipo msumeno unapoingia. TANROADS katika mikoa mingi imelia miaka nenda rudi kuhusu wizi wa alama za barabarani, na kilio hicho hakina siri. Nguzo hukatwa usiku, bati hugeuka jiko au kiraka cha mlango, alumini huyeyushwa ikawa sufuria, na vyuma vya kingo za madaraja huenda kwenye mizani ya chuma chakavu. Ndiyo maana siku hizi baadhi ya nguzo zinajengwa kwa zege, kwa kuwa zege halina bei kwenye mizani hiyo. Naona tumewakazania mno vijana wenye misumeno na kuwaacha wenye mizani. Anayekata nguzo usiku anaiuza mchana, kwa mtu mwenye leseni ya biashara na ofisi inayojulikana, ambaye hawezi kudai kwamba bati lenye picha ya kona alidhani ni mlango wa banda la kuku.

Matuta ni habari nyingine kabisa. Tuta ndilo alama pekee ambayo dereva hawezi kujifanya hakuiona, na wanavijiji wanalijua hilo. Gari likimgonga mwanafunzi, watu huweka magogo na mawe barabarani na kudai matuta. Hawadai kibao. Wameshavipima vibao wakaona havina meno. Kwa upande mwingine tuta huzaa soko. Pale magari yanapopunguza mwendo ndipo wanapojipanga wauza mafuta ya alizeti kwenye madumu, wauza asali, vitunguu, na kuku wa Singida ambao sifa yao imefika Kariakoo. Baada ya muda, tuta lililowekwa kumlinda mtoto anayevuka linawaita watoto wengine kumi kuja kukimbilia madirisha ya mabasi. Sina ufumbuzi wa hili, na sidhani kama kuna mtu atakayethubutu kulihamisha soko hilo.

Lakini tuta nalo lina haki yake. Linatakiwa lipakwe rangi na litanguliwe na kibao. Rangi ikifutika na kibao kikiibiwa, tuta linageuka mtego, na anayelipa ni abiria wa kiti cha nyuma anayerushwa mpaka kichwa kikagonga paa.

Kuhusu kibao cha 50, madereva wana malalamiko ambayo kwa sehemu ni ya haki. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na mabasi na malori makubwa yasizidi 80 hata nje ya makazi. Ukiingia kijijini unakutana na 50, ukitoka unapaswa kukutana na kibao cha kuimaliza. Cha kuingilia mara nyingi kipo. Cha kutokea kikipotea, dereva hajui kama bado yumo kijijini au ameshatoka. Anaziona nyumba zimekwisha, anakanyaga mafuta, na mbele kwenye kichaka kuna askari mwenye tochi ya kupima mwendo na faini ya shilingi 30,000. Haki au si haki, dereva huyo anaondoka akiamini kwamba kibao kiliwekwa kwa ajili ya tochi, na wala si kwa ajili ya kijiji. Imani hiyo ikishaingia, kibao cha kijiji kinachofuata kinakuwa kimeharibika kabla hajakifikia.

Ndipo madereva wanapoendesha kwa lugha yao. Taa zikimulikwa mara mbili, mbele kuna trafiki. Sheria haipendi, lakini mmuliko huohuo hutumika pia kwa ng'ombe, kwa ajali na kwa mti ulioanguka, na anayemulikiwa hupunguza mwendo kwanza, maana hajui ni kipi kati ya hivyo. Kwa hiyo hata ishara ya kumkwepa askari inafanya, kwa kilomita mbili tatu, kazi ambayo askari aliitaka. Hatari zaidi ni lugha ya indiketa. Lori lililo mbele yako likiwasha ya kulia, linaweza kukuambia usipite, kuna gari linakuja; au linakata kona kwenda kulia. Likiwasha ya kushoto linakuambia pita, au linaingia kushoto. Alama moja, maana mbili, na muda wa kuamua ni pumzi moja. Hakuna shule ya udereva inayofundisha hili, na wote tunaosafiri na mabasi tumekabidhi roho zetu kwa tafsiri ya dereva.

Njia panda sitaikalia sana. Ya Manyoni kwenda Itigi na Tabora, ya Misigiri kwenda Kiomboi, na ile ya Singida mjini kwenda Katesh na Babati zinajulikana. Kasoro yake ni ya kutoheshimu. Vibao vya kuelekeza vimezibwa na mabango ya waganga, mikutano ya injili na picha za wagombea walioshindwa uchaguzi zamani. Mtu anatafuta Tabora anapata dawa ya mvuto wa biashara.

Alama ambayo Paris haikuifikiria ni ya ng'ombe. Singida ni nchi ya mifugo, ya Wataturu na Wabarbaig, ya Wanyaturu na Wasukuma, na jioni makundi huvuka barabara kurudi zizini. Kibao cha ng'ombe kinasema na dereva peke yake. Mtoto aliye nyuma ya kundi, mwenye fimbo na pengine miaka 10, hakuna aliyewahi kusema naye. Anajua kusoma sauti ya injini kabla gari halijaonekana, lakini hajui kwamba basi la mwendo wa 80 haliwezi kusimama kwa umbali ambao baiskeli husimama. Wakati wa mavuno ya alizeti kuna jambo la hatari zaidi, mikokoteni ya punda na maksai inayorudi kutoka shambani gizani, haina taa wala kipande cha kuakisi. Vipande viwili vyekundu vya karatasi ileile ya punje za kioo, vikibandikwa nyuma ya mkokoteni, vingeonekana kutoka mbali. Halmashauri inayokusanya ushuru wa mazao ina uwezo wa kuvigawa.

Taa za kuongozea magari nitaziacha, kwa kuwa shida ya Singida haijawa foleni. Nitaje moja tu. Taa ya kwanza ya barabarani duniani iliwekwa London, mbele ya Bunge, Desemba 1868. Iliwaka kwa gesi, na mwezi uliofuata ikalipuka na kumjeruhi polisi aliyekuwa akiiendesha. Uingereza ikakaa miongo kadhaa kabla ya kuzirudia. Wenzetu hao hawakuona aibu kuiondoa alama iliyokosa kuaminika mpaka walipopata iliyo bora.

Kwa hiyo ombi langu kwa TANROADS, na kwa TARURA wenye barabara za vijijini, ni dogo. Kagueni alama usiku. Chukueni gari la kawaida, washeni taa za chini, mtoke Manyoni mpaka Shelui, na kila kibao kisichowaka kihesabiwe kuwa hakipo. Kisha ondoeni vile ambavyo hatari yake imekwisha: kibao cha "barabara inatengenezwa" mahali palipokwisha kutengenezwa kinawaharibia kazi vilivyo hai. Jeshi la Polisi nalo lipite kwenye mizani za chuma chakavu kwa bidii ileile ya tochi.

Nawe msomaji unayeishi kando ya barabara hiyo, kibao kikianguka mbele ya nyumba yako usikiegemeze ukutani ukasubiri mwenyewe aje. Tazama nguzo ya kilomita iliyo karibu, andika namba yake, ipeleke ofisi ya kijiji au TANROADS mkoani Singida siku hiyohiyo. Na akija mtu kukuuzia bati lenye pembetatu, mkatalie na umripoti.